Kufungua na Kupima Injini Iliyotumika Kabla ya Ovahoo

Katika gereji nyingi za Unga Limited na Mbauda jijini Arusha, na vilevile kule Moshi mjini, injini inayokula oili hushushwa asubuhi, hufunguliwa kabla ya mchana, na jioni mwenye gari huwa ameshatumwa dukani kununua ringi (pete za pistoni), beringi na gasketi kabla mtu yeyote hajaweka kifaa cha kupimia kwenye silinda hata moja. Injini hufungwa, huwaka vizuri, na baada ya muda mfupi huanza tena kutoa moshi wa bluu. Lawama huangukia vipuri, kwamba vilikuwa feki, ilhali mara nyingi vipuri vilikuwa vizuri ila viliwekwa katika silinda iliyokuwa imeshapoteza umbo lake. Mwongozo huu unahusu kazi inayorukwa kabla ya ovahoo, yaani matengenezo makubwa ya injini nzima: kufungua injini kwa utaratibu unaohifadhi ushahidi, kuipima, na kuandika namba zote kabla ya kununua kipuri chochote.

Mfano nitakaoutumia ni injini ya Toyota 1HZ, ambayo kila gereji ya Arusha inaifahamu kwa kuwa ndiyo iliyomo katika Land Cruiser nyingi zinazopeleka wageni Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Ni injini ya dizeli yenye silinda sita kwa mstari, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, kipenyo cha silinda cha milimita 94 na mwendo wa pistoni wa milimita 100. Hatua zilizoelezwa hapa zinafaa pia kwa injini ya Hiace au ya gari dogo la petroli. Kinachobadilika ni namba, na namba za vikomo lazima zitoke katika kitabu cha ufundi cha injini uliyo nayo, kwa kuwa hata injini mbili za kampuni moja huweza kuwa na vikomo tofauti.

Vipimo vya kuchukua injini ikiwa bado kwenye gari

Yapo maswali ambayo injini ikishafunguliwa haiwezi kuyajibu tena, kwa hiyo kama bado inawaka, ipime kwanza ikiwa mahali pake. Iwashe ikiwa baridi na uangalie moshi. Moshi wa bluu unaotoka wakati wa kuwasha asubuhi kisha ukapungua huelekeza kwenye sili za valvu, na ule unaozidi gari linapopanda mlima likiwa na mzigo huelekeza zaidi kwenye ringi na silinda. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huku maji yakipungua kwenye rejeta, unakutaka ukague gasketi ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu, inayofunika silinda) na hedi yenyewe. Fungua pia kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu, kwa sababu pumzi inayotoka kwa nguvu na kwa mapigo ni mgandamizo unaovuja kupita kando ya pistoni.

Presha ya oili ipimwe kwa geji ya mkono. Usitegemee mshale wa kwenye dashibodi. Ondoa sensa ya oili, funga geji mahali pake, na usome namba injini ikiwa ya moto na katika mzunguko wa chini. Presha inayokuwa nzuri asubuhi na kuanguka injini ikipata moto ni dalili ya kawaida ya beringi zilizolika au pampu ya oili iliyochoka, na utaweza kutofautisha hayo mawili utakapofika kwenye vipimo vya ndani.

Kisha upime kompresheni ya kila silinda kwa geji ya dizeli, baada ya kuondoa hita plagi zote na kukata umeme wa solenoidi ya pampu ya dizeli. Betri iwe na chaji ya kutosha, kwa sababu stata inayozunguka polepole hutoa namba ndogo hata kwa injini nzima. Hapa kuna jambo linalosumbua mafundi wa kwetu. Namba zilizomo kwenye vitabu kwa kawaida huchukulia hewa ya usawa wa bahari, na Arusha mjini ipo takribani mita 1,400 juu ya usawa huo, mahali ambapo msukumo wa hewa ni pungufu kwa asilimia 15 hivi. Moshi, iliyo chini zaidi, hupungukiwa kwa takribani asilimia 10. Silinda hugandamiza ile hewa iliyoingia tu, na kwa sababu hiyo injini nzima kabisa itasoma chini ya namba ya kitabu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Fundi asiyelijua hili anaweza kuihukumu injini isiyo na kosa. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo yenye kusema kweli zaidi, maana zote zimevuta hewa ileile. Silinda moja ikiwa chini sana wakati nyingine tano zimekaribiana, tatizo ni la silinda hiyo.

Naomba pia usiimwagie silinda ya dizeli oili kwa ajili ya kupima kompresheni ya pili, kama wanavyofanya baadhi yetu kwenye injini za petroli. Silinda moja ya 1HZ ina ujazo wa sentimita za ujazo 694, na kwa uwiano wa mgandamizo wa takribani 22 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni sentimita za ujazo 33 hivi. Kijiko kimoja kikubwa cha oili huziba karibu nusu ya nafasi hiyo, kwa hiyo geji itakudanganya, na oili ikizidi inaweza kupinda konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krankshafti (shafti kuu ya injini), kwa sababu kimiminika hakigandamizwi.

Zana na mahali pa kupimia

Kwa kiwango cha chini utahitaji seti ya maikromita za nje kuanzia milimita 0 hadi 100, geji ya silinda yenye saa, dayo geji (saa ya kupimia mchezo mdogo) yenye kishikio cha sumaku, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), rula ya chuma iliyonyooka kwa uhakika, torki renchi (spana inayoonyesha mkazo) na uzi wa plastiki wa kupimia nafasi ya beringi. Si kila gereji ina vifaa hivi, na si aibu kuazima au kulipia. Vituo vya VETA na Chuo cha Ufundi Arusha vimefundisha vijana wengi kuvitumia, na gereji yenye kijana mmoja aliyepita huko tayari ina mtu wa kazi hii. Kama utategemea karakana ya wachongaji wakupimie, nenda mwenyewe, simama pale na uandike namba kadiri zinavyosomwa. Jibu la "hii imelika" halitoshi, kwa sababu halikuambii imelika kwa kiasi gani wala mahali gani.

Kabla ya kuanza, kagua maikromita kwa kijiti chake cha kipimo. Ikisoma milimita 75.02 kwenye kijiti cha 75.00, ama irekebishe ama andika kosa hilo juu ya ukurasa ili ulitoe katika kila namba. Ikaze kwa kutumia kishikio kidogo cha nyuma kinachoteleza, ambacho hulia mara mbili tatu kinapofikia mkazo sahihi. Anayekaza kwa kuzungusha ngoma yenyewe hupata namba kulingana na nguvu za vidole vyake.

Joto nalo lina nafasi yake. Chuma cha bloku chenye kipenyo cha milimita 94 hutanuka kwa takribani milimita 0.01 kwa kila nyuzi 10 za joto, na pistoni ya alumini yenye ukubwa huo hutanuka karibu mara mbili yake. Nafasi yote kati ya pistoni mpya na silinda mpya katika injini nyingi za namna hii haifiki 0.10. Kwa hiyo pistoni iliyoanikwa juani baada ya kuoshwa, ikipimwa palepale na kulinganishwa na bloku iliyolala kivulini tangu usiku, inakupa hesabu isiyo ya kweli. Weka kila kitu mahali pamoja ndani ya jengo, pamoja na maikromita yenyewe, viache hadi kesho yake, kisha upime. Katika miezi ya Juni na Julai, asubuhi za Arusha zinapokuwa na baridi kali, ni vizuri kusubiri hadi karakana ipate joto la kawaida.

Kufungua bila kupoteza ushahidi

Osha injini kwa nje kabla ya kuishusha, ukiwa umeziba matundu ya hewa na ya dizeli, kwa sababu vumbi lililoganda kwenye grisi litadondokea ndani mara utakapoinua silinda hedi. Kabla ya kung'oa mipira ya hewa, ifuatilie yote kwa macho na vidole kuanzia mdomo wa snokeli (bomba refu la kuvutia hewa) hadi manifoldi (bomba linaloigawa kwa silinda). Pitisha kidole ndani ya mpira, upande wa baada ya ea klina. Ukikuta vumbi laini limeshika pale, umeshajua kilichoiua injini hii, na kama ufa au klipu iliyolegea haitarekebishwa, injini mpya itakufa kwa ugonjwa uleule. Kwa magari ya utalii ningeanza na hatua hii kila mara. Vumbi la barabara za hifadhini ni jiwe lililosagwa, na chembe zake ni ngumu kuliko chuma cha ringi.

Mwaga oili ikiwa na joto kidogo, uikinge katika beseni safi, na uiache itulie. Rangi kama ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Kata chujio la oili, kunjua karatasi yake na uipitishie sumaku. Vipande vinavyonaswa ni vya chuma, yaani ringi, silinda, gia au krankshafti. Vinavyong'aa bila kunaswa kwa kawaida ni alumini ya pistoni au metali ya beringi, na vyenye wekundu wa shaba vinaonyesha kwamba beringi zimelika hadi tabaka la chini.

Weka alama ya taimingi (mpangilio wa kufunguka kwa valvu na mwendo wa pistoni) mahali pake kabla ya kutoa belti, na upige picha. Tayarisha mifuko na karatasi za kuandikia, kila kundi la bolti na jina lake. Bolti za silinda hedi hulegezwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa awamu mbili au tatu, ukianzia za pembeni na kumalizia za katikati, kwa sababu hedi inayoachiwa upande mmoja kwa ghafla hupinda. Injini ya 1HZ hurekebishwa valvu kwa shimu (vibati vya unene maalumu) zinazokaa juu ya vikombe vinavyosukuma valvu, kwa hiyo kila kikombe na shimu yake vikae katika kisanduku chenye namba ya valvu yake. Ukivichanganya, umejiongezea kazi ya kupima na kununua shimu ambazo ulikuwa nazo.

Silinda hedi ikishatoka, usikimbilie kuchomoa pistoni. Kuna vipimo vitatu vya kuchukua sasa hivi. Cha kwanza ni urefu ambao kila pistoni inachomoza juu ya uso wa bloku ikiwa juu kabisa, unaopimwa kwa dayo geji. Katika injini nyingi za dizeli, kipimo hiki ndicho kinachochagua unene wa gasketi ya hedi, na pistoni moja inayokuwa fupi kuliko wenzake huenda ina konrodi iliyopinda. Cha pili ni mchezo wa krankshafti kwenda mbele na nyuma, na cha tatu ni nafasi ya pembeni ya kila konrodi. Andika vyote.

Juu ya silinda utakuta ukingo, mahali ambapo ringi ya kwanza haifiki. Pitisha ukucha kutoka juu kwenda chini, na kama unakwama, silinda imelika kwa kiasi kinachostahili wasiwasi, ingawa ukucha hauwezi kukupa namba. Ondoa kaboni na ukingo huo kabla ya kusukuma pistoni, la sivyo utavunja sehemu inayoshika ringi. Piga alama kila konrodi na kifuniko chake upande mmoja, kwa namba ya silinda kuanzia mbele. Kifuniko kilichongwa kikiwa kimefungwa kwenye konrodi yake na hakifai kwenye nyingine, na ndivyo ilivyo kwa vifuniko vya beringi kubwa na bloku. Visha bolti za konrodi vipande vya mpira ili zisikwaruze shingo za krankshafti, kisha sukuma pistoni kwa mpini wa nyundo wa mbao.

Beringi usizioshe kwanza. Zipange juu ya ubao kwa mpangilio wa silinda, za juu na za chini, na uzitazame zikiwa na oili yake. Kwenye konrodi, nusu ya juu ndiyo inayobeba mlipuko, na kwenye bloku, nusu ya chini. Ulikaji wa nusu hizo ulioenea sawasawa ni wa umri. Ulikaji wa ukingo mmoja tu kwenye konrodi, tena kwa mshazari kati ya nusu ya juu na ya chini, unaonyesha konrodi iliyopinda. Mikwaruzo mingi myembamba yenye chembe zilizozama ndani ya metali ni uchafu ulioingia kwa oili, na sehemu iliyoyeyuka na kuganda kingoni ni ukosefu wa oili.

Silinda: namba sita kwa kila moja

Hapa ndipo uamuzi mkubwa unapofanyika, na hapa ndipo ninapowaomba mafundi wawe na subira. Safisha silinda hadi kitambaa cheupe kitoke bila weusi. Weka geji ya silinda kwenye maikromita iliyofungwa kwenye 94.00 na ugeuze uso wa saa hadi mshale ukae kwenye sifuri. Ingiza geji ndani na uichezeshe kidogo mbele na nyuma. Mshale utakwenda upande mmoja, utasimama, na kurudi. Pale unaposimama kabla ya kurudi ndipo penye kipenyo halisi.

Pima katika vina vitatu: takribani milimita 10 chini ya mahali ringi ya juu inapofika, katikati, na takribani milimita 10 juu ya mwisho wa mwendo wa ringi. Katika kila kina pima mara mbili, kwanza kwa mwelekeo wa urefu wa bloku, kisha kwa mwelekeo wa ubavuni, ambako pistoni hujikandamiza kwa sababu ya pembe ya konrodi. Kwa silinda sita zitakuwa namba 36. Chora jedwali katika daftari kabla ya kuanza, na mwenzako mmoja aandike wakati wewe unasoma.

Chukua mfano wa silinda iliyosoma hivi: juu, 94.12 kwa urefu na 94.17 kwa ubavu, katikati, 94.06 na 94.07, chini, 94.03 na 94.03. Silinda hii imepoteza uduara juu kwa 0.05, ambayo ni tofauti ya 94.17 na 94.12. Imepanuka juu kuliko chini kwa 0.14 upande wa ubavu. Chini bado inakaribia kipimo chake cha kiwandani. Huu ndio ulikaji wa kawaida, kwa sababu juu ndiko kwenye moto mkali, oili kidogo na ringi inayobanwa na msukumo wa mlipuko, na vumbi la hewa huanza kula hapohapo.

Sasa fikiri kinachotokea ukiweka ringi mpya katika silinda hiyo bila kuichonga. Ringi hufuata mzingo wa silinda, na kila kipenyo kinapoongezeka kwa 0.10, nafasi kati ya ncha zake mbili hufunguka kwa 0.31, kwa sababu mzingo ni kipenyo mara 3.14. Kwa wastani silinda ya mfano wetu ina 94.145 juu na 94.03 chini, tofauti ya 0.115, kwa hiyo nafasi ya ncha hufunguka na kufunga kwa 0.36 kila pistoni inapopanda na kushuka. Katika mizunguko 2,000 kwa dakika, ringi inapumua hivyo mara 2,000 kila dakika. Inachoka, inasugua kuta za mfereji wake, na inaruhusu oili kupita. Hakuna ringi ya bei yoyote itakayoponya umbo hilo. Fundi anayemwambia mwenye gari "tuweke ringi tu, za kuchonga tutaona baadaye" anamwingiza katika gharama mara mbili: gasketi, oili na kazi vitalipiwa tena.

Ringi mpya unayotaka kuitumia katika silinda ambayo bado ipo ndani ya kikomo isukume ndani kwa kichwa cha pistoni, ili ikae wima, na upime nafasi ya ncha kwa fila geji katika sehemu ya chini ya silinda, ambako ni kwembamba zaidi. Ringi ambayo ncha zake zinagusana injini ikipata moto huvunjika na kukwaruza kila kitu.

Pistoni ipimwe kwenye sketi, yaani ubavu wake wa chini, mwelekeo wa pembe mraba na pini, kwa urefu ulioelekezwa na kitabu, kwa sababu pistoni haikutengenezwa kuwa ya duara kamili na ukiipima popote utapata namba isiyo na maana. Toa kipimo hicho katika kipenyo cha silinda, na utapata nafasi ya pistoni. Kisha weka ringi mpya katika mfereji wa kwanza na upime nafasi ya juu yake kwa fila geji. Katika injini zilizokula vumbi, mfereji huu mara nyingi umepanuka wakati sketi bado inaonekana nzima, na pistoni ya namna hiyo haifai kurudishwa.

Uso wa juu wa bloku upimwe kwa rula na fila geji katika mistari sita: miwili kwa urefu, miwili kwa upana na miwili ya mshazari. Utarudia mistari hiyohiyo kwenye silinda hedi.

Krankshafti na beringi

Kila shingo ya krankshafti, yaani sehemu ya mviringo inayokaa kwenye beringi, ina vipimo vinne: ncha mbili, na mielekeo miwili kwa kila ncha. Shingo za konrodi hupoteza uduara zaidi kwa kuwa mlipuko huzipiga upande uleule kila mara. Injini ya 1HZ ina shingo saba za bloku na sita za konrodi, kwa hiyo tarajia namba 52. Fanya kazi hii kwa utulivu, na shingo ambayo namba zake zinakushangaza ipime tena kabla ya kuendelea.

Ili kupata nafasi ya oili, funga beringi mpya au ya zamani katika konrodi, kaza kwa torki ya kitabu, pima kipenyo cha ndani, na utoe kipenyo cha shingo. Uzi wa plastiki hutoa uhakiki mzuri: ulaze kwa urefu wa shingo iliyo kavu, funga kifuniko kwa torki kamili bila kuzungusha krankshafti hata kidogo, fungua, na ulinganishe upana wa uzi uliobanwa na mistari ya karatasi yake. Katika injini nyingi za magari nafasi hii huwa kati ya 0.03 na 0.07, lakini kitabu chako ndicho chenye neno. Kama presha ya oili ilikuwa mbaya na nafasi hizi zote ni nzuri, sasa macho yahamie kwenye pampu ya oili, valvu yake ya presha, na nafasi kati ya meno na mwili wake.

Laza krankshafti kwenye vipande viwili vya V, weka dayo geji kwenye shingo ya katikati, na uizungushe taratibu. Mshale ukicheza kwa kiasi kinachozidi kikomo, imepinda. Kama injini ilinoki (iligonga kwa sauti) au konrodi ilikatika, omba krankshafti ikaguliwe nyufa kwa njia ya sumaku kabla ya kulipia kuchongwa, kwa sababu kuchonga hakuondoi ufa uliozama kwenye kona ya shingo. Na inapochongwa, kwa kawaida hadi andasaizi ya 0.25 au 0.50, yaani chini ya kipimo cha kiwandani kwa kiasi hicho, sisitiza kwamba ule mviringo mdogo wa kwenye kona urudishwe kama ulivyokuwa. Kona iliyoachwa kali ndipo krankshafti hukatikia.

Silinda hedi

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa kazi kubwa hufanywa na karakana yenye mashine. Hedi ioshwe, ijaribiwe kwa presha ikiwa katika maji ya moto, na ikaguliwe nyufa kati ya viti vya valvu, hasa kama gari liliwahi kuchemsha. Wewe pima mnyooko wake, mchezo wa kila valvu ndani ya gaidi (bomba dogo linaloiongoza), urefu wa kila springi, na kina ambacho valvu imezama chini ya uso wa hedi. Valvu zilizosagwa mara kwa mara huzama, na katika dizeli kuzama huko kunapunguza mgandamizo, jambo ambalo ringi mpya haziwezi kulifidia. Bolti za hedi zinazokazwa kwa nyuzi za pembe pia hupimwa, kwa wembamba au urefu kama kitabu kinavyosema, na zilizovutika hutupwa.

Kununua na kuchonga

Ukiwa na jedwali lote mbele yako, anza na silinda mbaya kuliko zote, maana ndiyo inayoamua ukubwa wa pistoni kwa injini nzima. Silinda ya mfano wetu, yenye 94.17 mahali pabaya zaidi, inasafishika vizuri kwa ovasaizi (pistoni kubwa kuliko ya kiwandani) ya 0.50, yaani 94.50. Ile yenye mkwaruzo mrefu unaozidi hapo itahitaji ovasaizi kubwa zaidi kama ipo sokoni kwa injini hiyo, au slivu, yaani bomba jipya la chuma linaloingizwa ndani ya silinda. Nunua pistoni kwanza, zipime moja moja, ziandike namba ya silinda, kisha uzipeleke kwa mchongaji pamoja na bloku. Achonge kila silinda kufuata pistoni yake na nafasi iliyoandikwa na kitabu, kwa sababu pistoni za boksi moja zinaweza kutofautiana kidogo, na asiye na pistoni mkononi huchonga kwa kukisia. Beringi nazo zinunuliwe krankshafti ikiwa imeshachongwa na kupimwa.

Mwandikie mchongaji namba unazotaka kwenye karatasi na umwachie nakala. Kazi ikirudi, pima tena silinda zote kwa vina vilevile vitatu na shingo zote kwa pointi zilezile nne, na urudishe kisichofikia kabla hujalipa salio. Kinachofaa kioshwe kwa maji ya moto, sabuni na brashi ndefu, pamoja na njia zote za oili zikiwa zimefunguliwa vizibo, kwa sababu mafuta ya taa pekee huacha unga wa jiwe la kuchongea ndani ya vinyweleo vya silinda. Kausha kwa upepo wa kompresa, paka oili safi papo hapo kabla kutu haijaanza, na ufunike bloku na krankshafti kwa nailoni hadi siku ya kufunga.